Nafasi kwenye Kompyuta ya Nkunzi

Kasulu, Jumapili, 12 Januari 2025

Mjomba Ildefonsi,

Shikamoo. Na ya Mama Nkunzi naiweka humu humu, umpe kabla hajauliza mbona yeye hakusalimiwa. Huku tunapumua wote. Mama goti linamsumbua mvua ikianza, lakini mdomo uko palepale. Juzi amemfukuza muuza mkaa mpaka barabarani kwa sababu ya gunia lenye mawe. Yule kuku mwekundu mliyemletea ametotoa saba, mwewe kachukua wawili.

Ningepiga simu, lakini najua tangu mwanenu Nkunzi aondoke kwenda Burundi kulitafuta shamba la babu yake simu hushiki, na mimi si wa kukulazimisha. Mudathiri ameniahidi kukufikishia barua akipita Kumsenga na lori lake la chumvi.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua nasoma shahada ya pili huku nafundisha, na unajua nimeahirisha mara mbili. Chuo wameniandikia: tasnifu ifike tarehe 30 Juni. Isipofika wananifuta, miaka minne inakwenda na maji, na hakuna mara ya tatu.

Kazi yangu ni ya mtembezi. Ziko chembe ndogo kupita vumbi, ambazo zikitembea hazichagui kushoto au kulia kama mlevi anavyoyumba. Zinakwenda kote kuwili kwa pamoja, na njia zao zikikutana nyingine zinaongezana, nyingine zinafutana. Wanauita mwendo wa kwanta. Mimi chembe sina, kwa hiyo nauigiza mwendo huo kwenye kompyuta, hatua mia moja, kwa programu inayohesabu kwa alama zenyewe. Haikadirii kwa desimali. Kipeuo cha pili cha mbili kinabaki kipeuo cha pili cha mbili mpaka mwisho. Hiyo ndiyo sifa ya kazi yangu na hiyo ndiyo inayoniua, maana kila hatua fomula zinarefuka. Nikifika hatua ya thelathini mstari mmoja unajaza kurasa, kompyuta inasema nafasi imekwisha, inaganda.

Na kompyuta yenyewe ndiyo ile ya Nkunzi, aliyoniachia alipoondoka. Sehemu kubwa imejaa vitu vyake: picha na video za kambi ya wakimbizi ya Nduta alipokuwa mkalimani, na zile sauti arobaini na moja alizorekodi nyumbani kwenu, yeye akiuliza, wewe ukieleza habari za nyuki, mama yake akicheka nyuma. Mjomba, naomba ruhusa nivihamishie kwenye flashi ili nipate nafasi. Najua kwetu vitu vya aliye safarini havisogezwi mpaka arudi mwenyewe. Ndiyo maana naomba, sijagusa.

Nijibu mapema tafadhali.

Mwanenu,
Immakulata


Kumsenga, 2 Februari 2025

Mwishwa wangu Immakulata,

Marahaba mbili, moja yangu na moja ya mwenzangu. Barua yako imefika Jumatano ikiwa na chumvi kwenye kona. Nimemsomea Mama Nkunzi akichambua maharage. Nilipofika kwa muuza mkaa alicheka mpaka akashika ubavu, akasema dada yangu hatazeeka. Pale pa kompyuta niliparuka.

Mvua ni ya kututosha na kubaki. Mizinga yangu sita, miwili nyuki wamehama. Nyuki akihama huna pa kumshitaki. Muhogo unaendelea. Shuka za kitanda cha Nkunzi mama yake amezibadilisha jana, kama kila Jumamosi, na yule mbuzi wake bado tunaye, mzee, hana meno ya mbele, tunamkatia majani kama mgonjwa.

Sasa huyo mtembezi wako. Nimekusoma mara tatu, sikuelewa. Mtu anayekwenda Kibondo na Kasulu kwa wakati mmoja, chakula cha jioni anakula wapi? Usinicheke. Mimi niliishia darasa la saba, lakini darasa la saba la zamani. Niandikie kanuni zake pole pole, kama unavyowaandikia wale wa kidato cha kwanza. Mvua imenifungia ndani na muda ninao.

Msalimie mama yako. Mwambie mafuta ya nta ya nyuki niliyompa Mudathiri apake gotini, asiyale.

Hayo mengine tutaongea.

Mjomba wako,
Ildefonsi Hatungimana


Kasulu, 16 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama amepaka mafuta, anasema afadhali. Vifaranga wamebaki wanne. Mimi nafundisha vipindi ishirini na sita kwa wiki na nimepungua. Mama anasema nikisimama pembeni sionekani.

Kanuni hizi hapa. Chora mstari, katikati weka sifuri. Mtembezi anaanzia hapo akitazama kushoto. Kila hatua, anayetazama kushoto anazaa wawili: mmoja anasogea kushoto akitazama kushoto, mwingine anasogea kulia akitazama kulia, alama zao zilezile za baba yao. Anayetazama kulia naye anazaa wawili vilevile, ila yule anayesogea kulia anageuzwa alama: chanya inakuwa hasi, hasi inakuwa chanya. Wakikutana mahali pamoja wakitazama upande mmoja, chanya na hasi wanafutana. Kila hatua unagawanya kwa kipeuo cha pili cha mbili. Mwisho unapiga mraba kwa kila upande, unajumlisha ya mahali pamoja, unajua uwezekano wa kumkuta mahali fulani. Basi, ni hiyo tu, mara mia. Nyuma ya karatasi nimekunakilia miraba yangu ya hatua tano za kwanza, kabla ya kugawanya.

Mjomba, hukunijibu. "Hayo mengine tutaongea" si jibu. Tunaongea lini, na kwa nini, wakati simu hushiki? Umeme hapa unakuja kwa saa mbili tu unaondoka, betri ya kompyuta ilikufa zamani, ukikatika na yenyewe inazima papo hapo. Nikirudi naanza kuikokota tena kutoka nilipoandika daftarini. Siku kumi na moja nimeishia hatua ya thelathini na moja. Msimamizi wangu, Dokta Abdulrahmani, anauliza kila wiki matokeo yako wapi, na mimi namdanganya mtu mzima kwamba naandika utangulizi.

Nakuomba kwa mara ya pili. Sifuti kitu, nahamisha. Hata Nkunzi mwenyewe angekuwepo angesema, Imma, hamisha. Sema ndiyo. Ukisema hapana nayo nitaielewa, lakini sema.

Wako,
Immakulata


Kumsenga, 23 Machi 2025

Mwishwa wangu,

Marahaba. Usihesabu siku ukanichukia bure. Mudathiri alikwama njiani siku tisa na barua yako mfukoni, nikaipata tarehe 9. Kisha mimi mwenyewe nikalala na homa wiki nzima, imepita. Mama Nkunzi ni mzima. Anauliza kama bado unakula vizuri, nimemwambia umenenepa.

Nimemfanya huyo mtembezi. Uani, chini ya upenu, nilichimba vishimo kumi na kimoja kwa safu mbili. Safu ya juu ni ya wanaotazama kushoto, ya chini wanaotazama kulia. Maharage meupe ni chanya, mekundu ni hasi. Nyeupe na nyekundu zikikutana kishimo kimoja nazitoa zote mbili, zimeuana. Mama Nkunzi alisimama mlangoni akanitazama, akauliza kama nimeanza kupiga ramli. Nikamwambia nafanya kazi ya chuo kikuu.

Kule kugawanya kwa kipeuo sikufanya. Punje nitaikataje? Nikasema kama ni lazima nitagawanya mwisho, mara moja.

Hatua ya kwanza sawa na yako. Ya pili sawa, ya tatu na ya nne pia. Ya tano, Immakulata, tumeachana. Kishimo cha kwanza kushoto mwa katikati, wewe umeandika nane, mimi napata nne. Safu ya juu ya kishimo hicho ni tupu kabisa, nyeupe na nyekundu zimemalizana. Halafu cha tatu kulia, wewe una moja, mimi nina tano. Jumla yako thelathini na mbili na yangu thelathini na mbili, kwa hiyo hakuna punje iliyoliwa na kuku. Nimerudia mara tatu, siku tatu. Angalia vizuri, mmoja wetu amekosea, na mimi sijivuni.

Lile ombi lako sijalisahau. Usidhani nimelisahau.

Mjomba wako,
Ildefonsi


Kasulu, 6 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa homa. Sisi hatujambo.

Nitasema kama lilivyo moyoni, na unisamehe. Mimi nazama, wewe unanichimbia vishimo. Naomba neno moja tangu Januari, naletewa maharage. Programu haikosei kujumlisha, Mjomba, ndiyo kazi yake. Umechanganya rangi mahali fulani, hata mimi ningechanganya. Usijisumbue tena.

Nimefika hatua mia. Ndiyo, mia. Nilifika wiki iliyopita, nikachora mchoro, nikamtumia Dokta Abdulrahmani nikiimba. Alinijibu kwa mistari miwili. Kasema mtembezi wa kwanta hukimbilia pembeni, wa kwangu amejazana katikati kama mlevi wa kawaida, kwa hiyo hicho nilichokiigiza sicho. Nirudie yote. Yote, Mjomba! Nilikaa chooni kwa walimu nikalia mpaka kengele ya kipindi cha sita, nikanawa uso, nikaenda kufundisha maumbo.

Nimekagua programu mstari kwa mstari, kosa silioni. Nalala na daftari, naamka nalo. Mama ameanza kunisomea rozari juu ya kichwa kama maiti. Nikifutwa chuo nitabaki nani mimi? Nina miaka thelathini na mbili, sikuolewa kwa sababu nasoma, sikujenga kwa sababu nasoma. Wenzangu wote wananiuliza utamaliza lini, na wengine sasa wameacha kuuliza, ndiyo mbaya zaidi.

Ile habari ya nafasi tuiache.

Immakulata


Kumsenga, 11 Mei 2025

Mwishwa wangu Immakulata,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuwa kavu kama muhogo wa mwaka jana. Sikukasirika. Mtu aliyeungua hapigi hodi.

Mvua inakatika. Maharage ya masika yanakauka vizuri na tutavuna mapema Juni. Mbuzi wa Nkunzi amekufa, kwa uzee. Mama yake alimfukia mwenyewe, akakataa nimsaidie, na siku mbili hakunisemesha, kana kwamba ni mimi niliyemuua.

Nakushukuru kwa jambo moja. Uliomba mara mbili, nikakaa kimya, ukasema tuiache. Mtoto mwingine angefanya lake. Wewe umevumilia na shida zako zote hizo, nami nimeona aibu. Ndiyo maana nimezungumza na Mama Nkunzi. Nilimwambia kuna sauti za Nkunzi kwenye ile kompyuta. Hakuwa anajua! Alidhani Nkunzi amebeba kila kitu. Akaniuliza, anasema nini humo? Nikasema anauliza habari za nyuki, na wewe unacheka. Akasema anataka kusikia anavyocheka na mwanawe.

Basi tukishavuna tutakuja Kasulu wote wawili. Tutakaa, utatufungulia, tutasikiliza zote arobaini na moja kwa mpigo. Baada ya hapo vihamishe, vifute, fanya utakavyo, ruhusa utakuwa nayo. Na kuna jambo nitamwambia Mama Nkunzi tukiwa hapo, akishasikia. Usiniulize ni lipi.

Habari ya maharage sijachanganya rangi. Nimerudia tena jana.

Mjomba wako,
Ildefonsi


Kasulu, 25 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika. Pole kwa mbuzi.

Mwezi wa sita naomba msije. Shuleni kuna mitihani ya majaribio, Mama goti limevimba, chumba cha wageni paa linavuja. Na umeme wenyewe unaujua. Tuseme mwezi wa nane, au baada ya hapo. Nitawaandikia.

Mwambie Mama Nkunzi asihangaike na safari kwa sasa.

Immakulata


Kasulu, 22 Juni 2025

Mjomba Ildefonsi,

Shikamoo. Safari hii sina habari za kuku. Naomba barua hii uisome peke yako, usimsomee mtu.

Mtoto mwingine angefanya lake, uliandika. Mjomba, nilikuwa nimeshafanya. Jumapili tarehe 2 Machi, barua yangu ya pili ikiwa bado mfukoni mwa Mudathiri, nilikwenda sokoni nikanunua flashi. Nikahamisha vitu vyote vya Nkunzi, nikafuta kwenye kompyuta, nikaijaza kazi yangu. Nilijiambia, viko salama, Mjomba akija kukubali atakuwa amekubali, akikataa nitavirudisha kabla hajajua. Ndiyo maana nikasema tuiache.

Barua yako ya Mei ilipofika niliichomeka ile flashi niwaandalie. Majina yote yalikuwepo, arobaini na moja, na tarehe zake. Nikafungua ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya. Nilifungua zote, Mjomba, moja baada ya nyingine, nikiomba Mungu kwa kila jina. Picha nazo ni vipande vya rangi ya kijivu. Nikakimbia kwa Nurudini, fundi wa hapa stendi. Akaipima akatikisa kichwa. Flashi ni ya bandia. Nje imeandikwa inabeba mzigo mkubwa, ndani ina nafasi kidogo tu, ikijaa inaandika juu ya vilivyotangulia na kuacha majina. Nikampa kompyuta yenyewe achimbe humo. Akasema huko nako nimeshaandika juu yake, miezi mitatu ya fomula. Amejaribu siku nne. Alinirudishia bila kunitazama usoni. Halafu nikakuandikia habari ya paa kuvuja. Paa letu halivuji.

Sijamaliza. Baada ya hapo sikuweza kulala wala kufundisha, na kwa kukosa la kufanya nikachukua barua yako ya Machi, nikamwaga maharage mezani, nikafuata vishimo vyako. Hatua ya tano nikapata nne. Nikarudia, nne. Ulikuwa sahihi, Mjomba, na mimi nilikuwa nimekutukana.

Nikafungua daftari. Tarehe 9 Januari umeme ulikatika mara tu baada ya hatua ya tatu. Kila umeme ulipokatika nilikuwa nimeandika miraba tu ya kila upande, kwa sababu miraba ndiyo inayotakiwa kwenye tasnifu. Ukirudi, nachukua kipeuo cha pili naendelea. Na kipeuo nilichokichukua daima ni chanya. Mekundu yako yote, mimi nilikuwa nayageuza meupe kila umeme ulipokatika. Waliotakiwa kufutana hawakufutana. Kwa miezi mitano nilikuwa namuua mtembezi wangu mwenyewe na kulaumu kompyuta.

Na lile la kukata punje. Sikugawanya, nitagawanya mwisho, ulisema. Nikafanya hivyo. Nikaiambia programu ibaki na namba nzima, na alama zake, kipeuo kikae nje mpaka hatua ya mia. Ilichukua dakika nne. Faili zima la hatua mia ni dogo kuliko picha moja ya Nkunzi. Unaelewa ninachokuambia? Nafasi haikuhitajika. Haikuhitajika hata kidogo. Kompyuta ingebaki na vitu vyake vyote na kazi ingekwisha, ningesoma tu barua yako bila kiburi.

Nilipeleka tarehe 17. Dokta Abdulrahmani amesema imepita, nirekebishe marejeo tu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilijifungia chumbani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu nililovunja si langu, ni la Mama Nkunzi. Sijui nifanye nini. Nimejaribu kuikumbuka sauti ya Nkunzi niiandike hata maneno yake. Nakumbuka anaanza, "Baba, tuseme mzinga ni mpya," baada ya hapo sikumbuki. Nipige, nifukuze, nikate kwenye ukoo, nitanyamaza. Ila usikae kimya kama ulivyokaa Februari. Nakuomba.

Immakulata


Kumsenga, 6 Julai 2025

Immakulata,

Marahaba.

Barua yako nimeisomea porini kwenye mizinga, peke yangu kama ulivyotaka. Niliichana. Kisha nikaokota vipande nikavipanga juu ya jiwe nikasoma tena, maana sikuamini kama mtoto wa dada yangu ndiye aliyeyaandika. Wiki nzima sikuweza kukujibu. Nilikuchukia, nakuambia wazi. Nilipokuwa nalima nilikuchukia, na kanisani nilikuchukia.

Sasa na mimi nisikilize.

Pasaka ya mwaka juzi alikuja kwangu mtu kutoka ng'ambo, Burundi, mtu mzima, simjui. Alinikuta hukohuko porini. Alisema Nkunzi alifika kule, aliona shamba la baba yangu, akakaa miezi minne akilima. Halafu homa, siku tano. Amezikwa kwenye mteremko juu ya mto, na mtu huyo alikuwa mmoja wa waliochimba. Akanipa kitambulisho cha Nkunzi cha kazi ya Nduta, chenye picha. Nimekificha ndani ya mzinga mmoja uliohamwa, kwa sababu Mama Nkunzi hasogelei mizinga.

Miaka miwili na zaidi namtazama akitandika kile kitanda kila Jumamosi. Kila Jumamosi nasema leo, na sisemi. Ulipoomba ruhusa yako nilishindwa, maana kukubali ni kusema harudi, na kukataa ni kukudanganya. Nikajitia kwenye maharage. Mara nyingine nilikaa juu ya vile vishimo nikijua kwamba sichezi mtembezi wako, namkimbia mke wangu.

Halafu nikapata njia. Nilisema nitampeleka Kasulu, asikie mtoto anavyoongea, ajisikie yeye mwenyewe akicheka naye, na sauti ikiwa bado iko chumbani nimwambie. Nilidhani ingemshika kidogo asianguke. Sikuwa na njia nyingine, na sina.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo ndicho nilichokificha. Wewe ukaficha sauti. Kati yetu wawili tumemzika mtoto wa mwanamke huyu mara mbili, na mara zote mbili hatukumwita msibani.

Ananiuliza kila siku safari ni lini. Ameshona gauni. Jana alifunga maharage kwenye kikapu ya kumpelekea mama yako.

Kwa hiyo hatutakuja sisi, utakuja wewe. Jumamosi tarehe 12, Mudathiri atakuchukua alfajiri hapo sokoni. Usilete sukari wala kitenge, na habari ya shahada usiitaje siku hiyo. Utatukuta mlangoni. Yeye atakutazama mikononi kwanza, atatafuta kompyuta, na atakuuliza iko wapi. Hapo ndipo utakapoanza wewe, na ukimaliza nitaendelea mimi.

Ildefonsi